Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Mahudhurio, Ada na Ile Pesa ya Harare

Wanachama wenzangu, wazee wetu mliocheza kriketi enzi zile, kina mama wa kamati ya chakula na nyinyi vijana wa viti vya nyuma mnaoangalia simu, hamjambo.

Kwanza nishukuru wachache waliokuja, na nikisema wachache naomba mgeuke mjihesabu wenyewe. Notisi ilitoka mapema, katibu akakumbusha tena, mimi mwenyewe nikapigia watu mpaka salio likaisha, na bado tumengoja zaidi ya saa moja ndio akidi ipatikane, tena imepatikana sababu mzee wetu mmoja alikuwa anapita kwenda kuchukua gari kwa fundi tukamvuta ndani. Alafu usiku hawa ambao hawakuja ndio mtawasoma kwa grupu wakiuliza nani aliamua nini. Waliamua waliokuwepo, basi.

Mambo ya kawaida mnayajua so sitawachosha. Mechi ya wakongwe ilichezwa, ikanyeshewa, haikuisha. Tishati zilikuja, zile kubwa zikaisha kabla wenye matumbo hawajafika kama kila mwaka. Tulifiwa na wanachama wawili na chama kikafika mazishi yote. Katibu mpya alichaguliwa na anafanya kazi vizuri ata kama kuna watu walimpinga. Ule mpango wa kurekodi hadithi za wachezaji wa zamani haukuanza, tutauanza. Hayo yametosha.

Ada. Kwenye daftari tuko watu 142. Waliolipa ile 3,000 yote ni 51, waliolipa nusu ni 19, na 72 hawajatoa ata shilingi, na katika hao 72 kuna watu sitawataja majina lakini wako na sauti kubwa kuliko mweka hazina. Tulikusanya 181,500. Kukodi uwanja 88,000, chakula na chai 41,200, rambirambi 30,000, kuprinti na vitu vidogo vidogo 14,700. Imebaki 7,600. Chama cha watu 142 kina akiba ya 7,600! Na hio ya kuprinti ni nusu tu ya gharama, ile nusu ingine nilitoa mfukoni kwangu na sijaidai, nasema tu ijulikane.

Sasa tufike kwa ile habari iliyowaleta hapa, maana najua si taarifa ya tishati mlikuja kusikia.

Mnakumbuka mapema mwaka huu tulianza kuchanga pesa ya kwenda Harare kushangilia timu ya taifa ya kriketi kwenye mashindano ya kufuzu ya Afrika, yale ya kutafuta nafasi mbili za Kombe la Dunia la T20 la 2026 (T20 ni zile mechi fupi za ova 20, ova moja ni mirusho sita). Wazo lilikuwa zuri, mimi mwenyewe nililiunga mkono na nilikuwa kati ya wa kwanza kutoa. Watu 37 wakachanga 386,500. Alafu kamati ikakaa ikaamua safari isiwepo na pesa iende kununua mikeka ya kuchezea, ile ya kutandika pale mpira unapodunda, na vifaa vya watoto. Tangu siku hio nimeitwa mwizi, nimeitwa dikteta, kuna mtu akasema ati nimeua moyo wa timu, na kuna mzee mmoja, namheshimu sana, akaniambia usoni ati Kenya ilitolewa nusu fainali sababu hatukuwepo kuimba.

Wacha tuanze na hio ya kuimba. Kenya ilicheza na Zimbabwe nusu fainali tarehe 2 Oktoba, kwao Harare, ikapata mikimbio 122, na Zimbabwe wakazifikisha kwa urahisi wakiwa wamepoteza wiketi 3 tu, yaani wapigaji watatu ndio walitolewa. Mpigaji wao Brian Bennett alimpiga mrushaji wetu boundari sita, mpira unavuka mpaka wa uwanja, kwa ova moja, mpira wa kwanza mpaka wa sita, nne nne nne. Sasa nyinyi niambieni ni wimbo gani ungezuia hio. Zimbabwe wakafuzu, Namibia wakafuzu. Na ile nusu fainali ingine Namibia alikuwa anacheza na nani? Tanzania. Tanzania, jirani zetu, ambao miaka hio tukiwa kwa Kombe la Dunia walikuwa hawahesabiwi ata kidogo, sa hii tuko nao sawa kwa msimamo mmoja, wao wanashangilia kufika hapo na sisi tunalia kuishia hapo.

Na aliyetuokoa siku hio tukafika ata hio 122 alikuwa Rakep Patel. Nataka mshike hilo jina kwa sababu nitalirudia.

Wengi mnaongea kuhusu hii timu kana kwamba ilianguka juzi, ati kochi huyu, ati kepteni yule. Wazee wetu hapa wanakumbuka Pune kule India, Kombe la Dunia, tarehe 29 Februari 1996. Wapigaji wetu wametolewa wote kwa mikimbio 166, watu wanaanza kuzima redio, alafu West Indies wakaanguka kwa 93. Nyota wao Brian Lara akashikwa na kipa wetu Tariq Iqbal kwa mpira wa Rajab Ali, na Maurice Odumbe kepteni akachukua wiketi tatu kwa mikimbio 15. Miaka miwili baadaye tukawafunga India kule Gwalior. Mwaka wa 2000 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya ICC, baraza la kriketi la dunia, ya timu kubwa, pale uwanja wa Gymkhana. 2003 tukawafunga Sri Lanka hapa hapa Nairobi kwa mikimbio 53, Collins Obuya na legspini yake, ile mirusho ya kuzungusha mpira ukidunda ugeuke, wiketi tano kwa 24, tukafunga Bangladesh, tukafunga Zimbabwe, tukaingia nusu fainali ya Kombe la Dunia. Ndio, New Zealand walikataa kuja Nairobi tukapewa pointi za bure, sikatai, lakini hizo zingine zilichezwa uwanjani.

Kwa nini nasema haya mnayoyajua? Sababu kuna kitu hatukuangalia wakati tunashangilia. Angalieni timu ya 1996 alafu mwangalie ya 2003. Tikolo, Odumbe, Otieno, Modi, Odoyo, Martin Suji, Aasif Karim. Ni watu wale wale! Karim alikuwa ashastaafu, akaitwa arudi akiwa na miaka 39, akaenda Durban akawarushia Australia, mabingwa wa dunia, ova nane na kitu, sita kati yao bila mkimbio hata mmoja, akachukua wiketi tatu kwa 7, mmoja wao Ricky Ponting. Sisi tukapiga makofi, tukasema kweli huyu mzee ni moto. Hakuna aliyeuliza kwa nini nchi nzima ilibidi iende kumtoa mtu nyumbani kwake ndio ipate spina, mrushaji wa mipira ya kuzunguka, wa kutuliza mambo.

Nendeni mbele sasa mpaka 2011, Kombe la Dunia kule India, New Zealand wakatutoa wote kwa mikimbio 69 pale Chennai na tukapoteza mechi zote sita. Nani walikuwa kwa timu? Steve Tikolo na Thomas Odoyo, Kombe la Dunia la tano kila mmoja. Hawa ni magwiji na hakuna mtu atanisikia nikiwasema vibaya, lakini miaka 15 watu wawili wale wale wanabeba nchi, na wakichoka hakuna aliye nyuma yao. Collins Obuya yule wa 2003 alistaafu lini? 2024. Na Rakep Patel, niliwaambia mshike jina, huyo ndio alikuwa kepteni mwaka wa 2018 tulipomaliza wa mwisho kule Namibia tukashushwa daraja, akajiuzulu unahodha, kochi Odoyo akajiuzulu, na rais wa Cricket Kenya, chama kinachosimamia kriketi nchini, akajiuzulu. Walijiuzulu wote. Na miaka saba baadaye kule Harare tukibanwa ni nani anatutafutia mikimbio? Yeye! Si kosa lake, yeye anafanya kazi. Swali ni wengine wako wapi.

Sasa watu wanapenda kusema ilikuwa siasa, na siasa ilikuwepo kweli. Baada ya 2003, badala ya mechi kuongezeka zikakauka. Kati ya katikati ya 2003 na mwisho wa 2005 tulicheza mechi mbili tu za ODI, zile za kimataifa za ova 50, zote Champions Trophy kule Uingereza 2004, na India na Pakistan, tukachapwa zote. Mwaka huo huo Odumbe akafungiwa na ICC miaka mitano kwa mambo ya pesa za mabuki, watu wa kamari. Wachezaji wakagoma kwa ajili ya malipo. 2005 chama cha zamani kikaondoka Cricket Kenya ikaingia, na kila mtu akasema sasa tumepona. 2007 kwa T20 ya kwanza ya dunia Sri Lanka wakatupiga 260, sisi tukarudisha 88. Mapema 2014 kule New Zealand tukashindwa kufuzu, hadhi ya ODI ikaenda, na nafasi kama zetu zikachukuliwa na Hong Kong, Papua New Guinea na Emirati. Tangu 2011 hatujagusa Kombe la Dunia lolote la wanaume, la ova 50 wala la T20. Sa hii kwa ova 50 tunacheza Challenge League, ligi ya daraja la chini, na kina Jersey na Denmark. Jersey ni kisiwa, jameni.

Bangladesh tulikuwa nao kidole na pete. 1997 fainali ya ICC Trophy pale Kuala Lumpur walitushinda mpira wa mwisho kabisa, na ata 2003 sisi ndio tuliwafunga. Wao 2000 wakapewa hadhi ya Test, zile mechi za siku tano za timu kubwa, sisi tuliomba hatukupewa, na hapo wengine mnasema tulionewa, sawa, pengine. Lakini Uganda nao walionewa na nani? Hawakuwahi kupewa chochote, na Novemba 2023 wakamfunga Zimbabwe kule Windhoek, wakafuzu, wakaenda Kombe la Dunia la 2024. Sisi tulikuwa kwa mashindano hayo hayo tukirudi nyumbani. Mtu aliyetoka chini na watoto wake alitupita sisi tunaongea habari ya Pune.

Ndio maana kamati iliamua vile iliamua. Na sasa nijibu moja moja yale maneno.

Ati mkutano haukuitwa. Uliitwa. Walikuja watu 14, akidi ni 30, na katiba yetu inasema wazi mkutano mkuu usipofikisha akidi mara mbili kamati inaweza kuamua jambo la dharura. Mara ya pili walikuja 11. Ningefanya nini, nilale pale ukumbini mpaka mje? Wale 37 waliochanga wote walikuwa na taarifa, na kati yao waliofika ni sita, na wanne kati ya hao sita walikubali.

Ati tungeenda tu na kile kilichopo. Haya, tulipouliza bei ya tiketi za ndege, malazi na chakula kwa siku zote za mashindano, hio 386,500 ilitosha watu watano kwa kujibana. Watano wepi? Niliuliza hilo swali kwa grupu na kimya kikaingia, kila mtu akawa anangoja jina lake litajwe. Kuna waliopendekeza basi, na mimi najua wazee wetu na magoti yao, kukaa barabarani mpaka Harare na kurudi ni kuwatafutia kifo. Alafu kama ningeenda mimi kama mwenyekiti si ndio mngesema nimekula pesa nikaenda kutalii.

Ati mwenye duka tulikonunua ni shemeji yangu. Si shemeji, ni jamaa wa upande wa shemeji, na hio ni tofauti. Tulileta bei tatu, ya kwake ilikuwa chini, na mimi ndio nilimbembeleza akashusha zaidi, karatasi ziko kwa mweka hazina na anayetaka aende aone. Mikeka mitatu ya kuchezea 210,000. Bati za watoto, pedi, glavu, vijiti vya wiketi na mipira 118,000. Kurekebisha simiti za chini ya mikeka na kusafirisha 31,500, ingawa kubeba kwenyewe nilitumia gari yangu na mafuta yangu. Jumla 359,500. Imebaki 27,000 na iko benki, kando kabisa na ile 7,600, msichanganye.

Ati watoto wenyewe hawatafika popote. Hili ndio liliniuma. Ni watu wangapi hapa wameenda kuona? Tuliweka mikeka kwa shule tatu za msingi, shule za kawaida za serikali. Jumamosi moja nilienda kwa ile ya pili nikakuta mwalimu wa michezo na watoto wakivuta mkeka mpaka unyooke, misumari kwenye kona wanagonga na jiwe maana nyundo haikuwepo (nyundo nimenunua baadaye, si pesa ya chama). Kulikuwa na msichana hivi, miaka kumi kama si kumi na moja, viatu vya shule vimeachana mdomo, akavivua akaviweka kando ya wiketi, akakimbia peku akarusha mpira ukadunda kwa mkeka ukageuka kutoka mguuni mpaka nje, yule kijana wa bati akapiga hewa. Akarudia. Akarudia tena, pale pale. Mwalimu akaniambia hajafundishwa, aliona tu kwa simu ya mtu. Mimi nimeangalia kriketi ya hii nchi miaka mingi, najua mkono wa legspini nikiuona. Sasa huyo asingepata mkeka angekuwa anarushia wapi, kwa changarawe? Mpira kwa changarawe haugeuki, unaruka kwa uso.

Na msiniambie hio ni kazi ya Cricket Kenya au ya wizara. Ni kazi yao, nimewaandikia barua, sijajibiwa, nitaandika tena. Lakini kuanzia 2003 tunasema ni kazi ya wengine na sa hii tuko na Jersey.

Nikiri kuna wanachama waliokasirika kwa haki, wale waliochanga elfu ishirini na zaidi wakitaka kuona Harare. Hao nawaelewa. Ila wale waliochanga mia tano alafu wananiandikia insha kila usiku, hao tafadhali mlipe kwanza ada.

Kuhusu mahudhurio kwa ujumla, mazoezi ya Jumapili ya wanachama yamekufa. Januari walikuwa wanakuja watu ishirini hivi, kufika Agosti tulikuwa wanne na mbwa wa mlinzi. Uwanja tunalipia wakija wakikosa. Mimi nimependekeza mara kadhaa tupunguze siku lakini kila nikipendekeza watu wanasema hapana tutakuja, alafu hawaji.

Mipango ya mwaka ujao. Tunatarajia Mungu akipenda kuongeza shule, pengine mbili, pengine zaidi, ikitegemea michango. Tunatafuta mdhamini, kuna mazungumzo na mtu mmoja siwezi kumtaja sa hii. Tungependa kupata makocha wawili wa kujitolea kati ya wazee wetu mliocheza, maana watoto wana mkeka lakini wa kuwaonyesha namna ya kushika mpira hawana, na mimi peke yangu siwezi kuwa shule tatu Jumamosi moja. Wazee watatu waliniahidi, ahadi bado naziweka. Kuhusu uchaguzi, muhula wangu unaisha mwakani na nimeombwa na baadhi yenu niendelee, sijaamua, nitawasikiliza.

La mwisho ni hili la kurudishiwa pesa ya Harare. Kamati imekubali kwamba aliyechanga na hataki pesa yake iwe ya mikeka arudishiwe kidogo kidogo kutoka kwa hio 27,000 mpaka iishe, na ikiisha basi imeisha. Masharti ni mawili tu, uwe na ujumbe wa kuonyesha ulituma, na ada yako ya 2025 iwe imelipwa. Mpaka leo mchana walioomba ni tisa, na mweka hazina ameangalia daftari, kati ya hao tisa aliyelipa ada ni mmoja. Huyo mmoja amuone mweka hazina tukimaliza kula. Wale wanane wengine, namba ya malipo ni ile ile ya kila mwaka.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Chakula kiliagizwa cha watu sitini so kila mtu anaweza kuchukua sahani mbili.

Mwenyekiti